Kifurushi na Maelezo Yake: Kutoka Auckland na Vienna Hadi Muleba

Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa kijiji kimoja wilayani Muleba, nafanya mahojiano ya utafiti wangu. Nyumba ya tatu siku hiyo ilikuwa ya bibi mmoja mchangamfu. Nikamwamkia, akanipa kigoda, akaleta na kahawa ya kutafuna. Nikafungua kishikwambi, nikaanza: kaya ina watu wangapi, kibanja kina ukubwa gani, msimu uliopita mlivuna kahawa kilo ngapi. Alijibu maswali kama kumi hivi, halafu akacheka.

"Mjukuu wangu, haya wenzako walishaniuliza. Walikuja na karatasi, wakaja tena na simu. Yale niliyowajibu yako wapi?"

Nilijikanyaga tu hapo. Ukweli ni kwamba sehemu ya majibu ya eneo lile nilikuwa nayo kwenye laptopu. Ofisi moja ilikuwa imenipa faili lenye safu zaidi ya mia mbili, zenye majina kama v17b, q3_oth na xx2. Hakuna ukurasa hata mmoja wa kueleza. Namba 9 ina maana "sijui", "hakujibu", au watoto tisa? Nilimpigia aliyenipa, naye akaniambia alilirithi kwa mtu aliyekwisha kuhama kazi. Kwa hiyo majibu ya bibi yalikuwepo, na wakati huohuo hayakuwepo.

Usiku ule nikiwa Bukoba mjini, kwa hasira tu, nikafungua data nyingine za hapahapa Kagera, zilizokusanywa kuanzia mwaka 1991, kabla sijazaliwa. Kufika saa sita usiku nilikuwa nazielewa. Hojaji ipo, mwongozo upo, kila safu ina maelezo yake.

Tofauti ya mafaili hayo mawili si akili za waliokusanya. Ni desturi: mmoja alitoa mzigo pamoja na maelezo yake, mwingine alitoa mzigo mtupu. Waandishi wa programu za kompyuta wamehangaika na tatizo hilihili kwa zaidi ya miaka 50, na baadhi yao mwishowe wakaamua kutotegemea tena ustaarabu wa mtu. Waliiweka desturi hiyo ndani ya amri. Makala hii ni historia fupi ya amri hizo, na kwa nini zinatuhusu sisi wa Kagera.

Kitabu kilichozaliwa na mashine

Kwanza tuelewane kuhusu mazingira. Amri ninazozizungumzia huandikwa kwenye kile kidirisha cheusi ambacho hakina cha kubofya. Unaandika maneno machache, unabonyeza Enter, kompyuta inatii au inakugomea. Watu wengi hukiogopa, lakini ndicho chombo cha kazi cha waandishi wa programu tangu zamani.

Mwaka 1971, kwenye maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wanajenga mfumo wa Unix. Novemba mwaka huo ukatoka mwongozo wake wa kwanza. Kila amri ilikuwa na ukurasa wake wenye mpangilio uleule: jina, namna ya kuiandika, inafanya nini, na mwishoni sehemu ya kasoro zake. Yaani mwandishi anakiri mwenyewe kwamba hapa na hapa programu yangu ina tatizo. Baadaye ikaja amri ya man: unaandika man na jina la amri nyingine, maelezo yake yanatokea hapohapo. Mwongozo ukahama kutoka kabatini ukaingia ndani ya mashine.

Hiyo ilitosha wakati programu zinatengenezwa na watu wachache wanaofahamiana. Intaneti ilipoanza kuunganisha vyuo, kila mtu akawa anaweza kuandika kipande cha programu na kukiweka kwenye seva ya chuo chake. Vipande vikawa vingi, vimetawanyika, na hujui kipi kiko wapi.

Suluhisho likawa kujenga maghala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watumiaji wa TeX, mfumo wa kupanga maandishi ya vitabu na makala za kisayansi, walikusanya vipande vyao kwenye ghala moja, CTAN. Oktoba 1995 watu wa lugha ya Perl wakafungua la kwao, CPAN, likisimamiwa na Jarkko Hietaniemi wa Ufini. Mpango ulikuwa rahisi: ghala kuu moja, na nakala zake kwenye seva za nchi nyingi, ili kila mtu achukue kutoka nakala iliyo karibu naye.

Perl ilikuwa na jambo jingine zuri. Maelezo huandikwa ndani ya faili lilelile lenye programu. Ukilichukua faili, umechukua na maelezo, hata kama hukuyataka. Lakini hakuna aliyelazimishwa kuyaandika. Mvivu angeweza kuacha nafasi tupu na kifurushi chake kikapokelewa.

Amri inayokugomea

Sasa twende Auckland, New Zealand. Miaka ileile ya mwanzo wa 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walimu wa takwimu chuoni hapo, walianza kutengeneza lugha ndogo ya kufundishia wanafunzi wao. Wakaiita R. Mwaka 1995 waliitoa kwa leseni huria, na watu wa nchi nyingine wakaanza kuchangia. Aprili 1997, kutoka Vienna, Kurt Hornik akatangaza ghala la R, CRAN, alilolianzisha na mwenzake Friedrich Leisch. Siku hiyo lilikuwa na vifurushi 12. Leo vimepita 20,000.

Kifurushi cha R ukikifungua ni folda tu. Ndani kuna faili liitwalo DESCRIPTION lenye jina, namba ya toleo, mwandishi, leseni, na orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Kuna folda ya programu yenyewe, folda ya data kama zipo, na folda ya kurasa za maelezo. Folda hiyo ya mwisho inaitwa man, jina lilelile la Unix.

Ukimaliza kuandika, unaita R CMD build. Amri hii inafunga folda nzima kuwa faili moja la kusafirisha. Kisha unaita R CMD check, na hapo ndipo jasho linaanza. Inasakinisha kifurushi chako kama mtu mgeni kabisa. Inapita kila fanksheni uliyoiweka wazi kwa watumiaji na kuuliza: ukurasa wake wa maelezo uko wapi? Inalinganisha maelezo na programu: umesema fanksheni inapokea vitu vitatu, mbona hapa ni vinne? Inaendesha mifano uliyoiandika kuona kama inafanya kazi kweli. Ikikuta jedwali la data lisilo na ukurasa wa maelezo, inalalamika. Ikikuta safu zilizotajwa kwenye maelezo hazilingani na zilizomo kwenye jedwali, inalalamika pia.

Malalamiko yako ya ngazi tatu: kosa, onyo na angalizo. Kukosa maelezo ni onyo, na CRAN haipokei kifurushi chenye onyo. Ukifaulu kwenye mashine, bado kuna binadamu wanaopitia mzigo kabla haujaingia ghalani. Kuna watu wamerudishwa mara tatu, mara nne, wakarudi na malalamiko mtandaoni kuliko ya mwanafunzi aliyekataliwa andiko lake. Lakini matokeo yake ni haya: kifurushi chochote utakachokichukua CRAN, kila kilichowekwa wazi kwa mtumiaji kina ukurasa wake.

Fikiria faili langu la v17b na xx2. Kama aliyelitoa angelazimika kupita kwenye mlango huu, lisingetoka.

Njia ya mkato na gharama yake

Si kila jamii ilichagua mlango mwembamba. Watu wa Python walifungua ghala lao PyPI mwaka 2003, na watu wa JavaScript wakapata npm mwaka 2010, kazi iliyoanzishwa na Isaac Schlueter. Huko unaandika npm publish na ndani ya sekunde chache dunia nzima inaweza kuchukua kifurushi chako. Hakuna anayekuuliza maelezo yako wapi. Ndiyo maana npm ilikua haraka kupita maghala mengine yote. Urahisi una nguvu, tusiubeze.

Lakini Machi 22, 2016 watu walikumbushwa kwamba kuchapisha ni ahadi. Mwandishi mmoja, Azer Koçulu, alikuwa amegombana na wasimamizi wa npm kuhusu jina la kifurushi chake kingine. Akaviondoa vifurushi vyake vyote zaidi ya 250. Kimoja kiliitwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno. Kumbe maelfu ya miradi ilikuwa inakitegemea, mingi bila kujua, kupitia vifurushi vinavyotegemea vifurushi vingine. Kazi za kujenga programu zikaanza kukwama duniani kote hadi npm waliporudisha kifurushi hicho saa chache baadaye. Tangu hapo wakabana kanuni za kuondoa kitu kilichokwisha kuchapishwa.

Upande wa maelezo nao ulipata dawa yake, kwa njia tofauti. Mwaka 2010 ilianza huduma ya Read the Docs, inayochukua maelezo ya mradi na kuyachapisha upya kila mwandishi anapobadilisha programu. Watu wa lugha ya Elixir walikwenda mbali zaidi. Ghala lao, Hex, lilianza mwaka 2014, na amri yake mix hex.publish inapeleka vitu viwili kwa mkupuo: kifurushi kwenye ghala, na maelezo yake kwenye tovuti ya maelezo, vyote vikiwa na namba moja ya toleo. Anayetumia toleo la zamani anasoma maelezo ya zamani; hachanganywi na mapya.

Kwa hiyo kuna shule mbili. Ya R inasema: bila maelezo hupiti. Ya Elixir inasema: tutafanya kuchapisha maelezo kuwe rahisi kiasi kwamba utaona aibu kutoyaweka. Zote mbili zinakubaliana kwamba maelezo ni sehemu ya mzigo.

Kagera ilikuwa na yake

Turudi nyumbani. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka michache baadaye swali likawa: familia inapompoteza mtu mzima mwenye nguvu, nini kinatokea kwa shamba, kwa shule za watoto, kwa wazee waliobaki? Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Muhimbili, wakati ule ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliendesha Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera. Kaya zaidi ya 900 zilitembelewa hadi mara nne, Bukoba na Muleba zikiwemo.

Data zile hazikufungiwa kabatini. Zilitolewa bure kwa watafiti wote, pamoja na hojaji na mwongozo wa mtumiaji unaoeleza kila faili linaungana vipi na jingine. Majina ya watu yaliondolewa, lakini kila kaya na kila mtu alibaki na namba yake.

Mwaka 2004, miaka kumi baadaye, watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale popote walipokuwa: kijijini, Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Kazi ya uwandani ilifanywa na taasisi yenye makao yake hapahapa Bukoba, Economic Development Initiatives. Katika zaidi ya asilimia 90 ya kaya za awali walimpata angalau mtu mmoja. Vijana waliokuwa watoto wakati ule walikuwa wameshaanzisha miji yao, kwa hiyo kaya zile 900 na kidogo zikawa zaidi ya 2,700. Walirudi tena mwaka 2010, safari hii wakitumia kompyuta badala ya karatasi, kwa programu ya hojaji iitwayo surveybe iliyotengenezwa na taasisi hiyohiyo ya Bukoba. Kaya zikawa zaidi ya 3,300.

Hapo ndipo tulipopata moja ya matokeo yanayotajwa sana katika uchumi wa maendeleo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha ndugu waliokulia nyumba moja. Waliohama kijiji chao walikuwa wameongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia kuliko ndugu zao waliobaki. Ni swali ambalo waliobuni hojaji ya mwaka 1991 hawakulilenga. Liliwezekana kwa sababu mtu mwingine, miaka mingi baadaye, aliweza kufungua mafaili yale na kujua kila namba ina maana gani.

Hakuna R CMD check iliyowalazimisha. Walifanya kwa mkono, kwa nidhamu, na kwa bajeti kubwa. Mimi na wewe hatuna bajeti ile. Tunayo amri, na haina gharama.

Bando likiisha

Kuna faida nyingine ambayo mtu wa Vienna huenda haioni, ila sisi tunaiona. Ukisakinisha kifurushi cha R, maelezo yanakuja ndani yake. Unaandika alama ya kuuliza na jina la fanksheni, ukurasa unafunguka hata kama mtandao umekata. Mara ngapi nimekaa Muleba bando limeisha, umeme unarudi na kuondoka, na kazi inaendelea kwa sababu mwongozo uko ndani ya laptopu? Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 hali imebadilika sana, sikatai. Lakini programu nyingi za siku hizi zina maelezo kwenye tovuti peke yake, na tovuti ikifa au bando likiisha, umebaki na gunia lisilo na kibandiko.

Sasa niseme na udhaifu. Amri inaweza kukagua kwamba maelezo yapo. Haiwezi kukagua kama yana maana. Ukiandika "safu hii ni safu" itakupitisha. Na karibu maelezo yote tunayosoma yako kwa Kiingereza, kana kwamba aliyehojiwa hatakuja kuyasoma kamwe.

Hilo la lugha si la lazima. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Na kwenye lile faili la DESCRIPTION la R kuna mstari unaoruhusiwa uitwao Language, kwa ajili ya kifurushi ambacho maelezo yake si ya Kiingereza. Alama ya Kiswahili ni sw. Nafasi ipo, imekaa inasubiri watu.

Mimi nimeanza na langu. Data za mahojiano yangu, bila majina na bila kuonyesha nyumba iko wapi, nimezifunga kuwa kifurushi cha R chenye maelezo ya Kiswahili. Ukaguzi wa kwanza uliniletea maonyo 14. Wiki mbili baadaye ukatoka safi: hakuna kosa, hakuna onyo, hakuna angalizo. Nilijisikia kama nimefaulu mtihani wa kidato cha nne.

Desemba nilipita tena kwa yule bibi. Nikamfungulia laptopu nikamwonyesha ukurasa wa maelezo ya jedwali la mashamba, nikamwambia majibu yenu yako hapa, na hivi ndivyo tutakavyomweleza mtu atakayekuja baada yangu. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye safu ya migomba akasimama.

"Hapa umeandika ndizi tu. Ndizi za kupika na ndizi za pombe utazihesabu pamoja? Mwaka ule mnyauko ulipotuingilia, hazikuathirika sawa. Atakayekuja atajuaje?"

Ukaguzi ulikuwa umepita bila onyo hata moja, na bado ukurasa ulikuwa na kosa. Nilirudi kwenye madaftari yangu, nikakuta wahojiwa wengi walikuwa wametenganisha aina hizo wenyewe na mimi ndiye niliyezijumlisha. Nimeigawa safu ile mara mbili, nimeandika upya maelezo yake, na toleo jipya limeshatoka na namba yake. Maelezo ya toleo la kwanza nimeyaacha palepale pamoja na kosa lake, ili aliyelitumia ajue alitumia nini.